Mkipita Songea, msipite tu

Namasakata, Ruvuma

Mpwa wangu,

Mama yako ameshaanza kupulizia mikorosho. Nimefurahi kusikia mnakuja na watoto likizo ya Juni. Kwa kuwa mnapitia Songea, nakuomba mlale hapo, na asubuhi uwapeleke Mahenge, Makumbusho ya Majimaji.

Usiwafiche kitu. Waoneshe kaburi moja walimozikwa pamoja mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani Februari 1906, kisha kaburi la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyeuachia mji jina lake. Mkubwa atauliza kwa nini Nduna kalazwa peke yake, na habari ya kichwa chake kinachosadikiwa kupelekwa Ujerumani. Mjibu alichouliza. Mwambie pia kwamba Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo hapo, akakutana na ukoo wa Nduna na kuomba msamaha. Msamaha ule ulikuwa na uzito, lakini ukoo unadai mzee wao azikwe mzima.

Ninachokusisitizia zaidi ni njaa. Watoto hupenda mikuki na maji ya mganga Kinjikitile, yaliyosadikiwa kuzuia risasi, na hadithi huishia hapo. Watu waliinuka katika vita ya Majimaji mwaka 1905 kwa kuchoka, pamoja na mengine, kulimishwa pamba kwa nguvu. Wajerumani walipoona hawawamalizi kwa bunduki, walichoma vijiji, mashamba na maghala. Wapo wanahistoria wanaokadiria waliokufa kufika 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Muulize mdogo: ghala likichomwa na mbegu zimo ndani, mvua ikija utapanda nini? Mwache afikiri, usimsaidie.

Mchana njooni huku kupitia Namtumbo, mfike kabla ya giza. Chagua siku za mwezi mwandamo, anga liwe jeusi. Baada ya Isha tutatandika mkeka uwanjani, na simu zibaki ndani. Kusini wataona Msalaba wa nyota, na kushoto kwake nyota mbili kali. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo jirani yetu wa karibu zaidi kati ya zote waonazo kwa macho, ukiliacha jua. Hata hivyo mwanga wake husafiri miaka 4 na zaidi kutufikia. Mwanga watakaouona uliondoka huko yule mdogo akiwa bado ananyonya. Hilo atalishika.

Kisha waamshe kabla ya adhana ya alfajiri, hata wakinung'unika. Mashariki, upande wa kaskazini kidogo, kama ni nusu ya pili ya Juni, kitakuwa kimechomoza Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo. Wazee walikitazama kujua majira ya kulima. Hata waliobaki bila mbegu baada ya vita ile walikiona kikirudi kila mwaka. Hapo ndipo nitataka mdogo anijibu swali lake la Mahenge.

Wabebee masweta, Juni huku alfajiri ni baridi kweli. Na uniambie mapema siku mtakayoondoka Dar, nimwambie mama yako aandae unga.

Mjomba wako