Kukalia Upande Mmoja

Mama yangu alikuwa anakaa upande mmoja. Kwenye mkeka, kwenye benchi la kanisani, hata msibani, uzito wote aliuweka paja la kushoto. Sisi watoto tulidhani ni maringo. Nilikuja kujua ni bawasiri siku nilipojikuta na mimi nimekaa vilevile.

Nilikuwa na miaka 38, watoto watatu, na kazi ya kusimama mbele ya ubao kutwa nzima. Bawasiri ilinianza kwenye mimba ya pili. Nikaambiwa ni kawaida, na kweli ni kawaida: damu inaongezeka mwilini, mji wa mimba unakandamiza mishipa, choo kinakuwa kigumu. Kwa wengi hupoa baada ya kujifungua. Yangu ikabaki.

Halafu kulikuwa na maumivu mengine, chini ya kitovu, mazito, kama nimebeba jiwe. Asubuhi hamna. Ikifika saa nane mchana, yapo. Nikilala yanapungua. Yalizidi siku za kukaribia hedhi, na pia baada ya tendo la ndoa, jambo ambalo hata kuliandika hapa limenichukua wiki nzima. Mama aliyaita chango, akanichemshia mizizi.

Sasa ona nilichofanya. Bawasiri niliipeleka duka la dawa, nikinong'ona, nikasingizia dawa ni ya shangazi. Tumbo nikalipeleka kwa daktari wa wanawake, ambako nilipewa dawa za UTI mara tatu. Huku sikutaja la kule, kule sikutaja la huku. Yaani mimi ninayewaandikia wanafunzi kwa wino mwekundu "kisa hakijakamilika", ndiye niliyekuwa natembea na kisa changu nusunusu, miaka sita.

Daktari wa nne alikuwa mama wa makamo. Kabla hajanigusa aliniuliza, "Mwalimu, una mishipa iliyotuna mapajani? Na sehemu za siri je? Bawasiri?"

Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ile ya tatu ilitoka kwa sauti ndogo sana.

Akageuza karatasi, akachora. Damu ya miguuni na ya nyonga ina safari ya kupanda kwenda moyoni, na ndani ya mishipa mna vali ndogo za kuizuia isirudi chini. Vali zikilegea, hasa kwa waliobeba mimba kadhaa, damu hurudi na kutuama, mishipa inayozunguka mji wa mimba na mayai ikatanuka. Ndiyo maana maumivu huongezeka ukisimama na hupungua ukilala. Na sehemu ya damu inayotoka kwenye njia ya haja kubwa hupita kwenye mshipa uleule mkubwa wa ndani ya nyonga unaopokea damu ya mji wa mimba. "Nyumba mbili, mtaro mmoja," akasema. "Mtaro ukifurika, maji yanaweza kuingia kote."

Hakunidanganya kwamba bawasiri zote ziko hivyo. Nyingi zinatokana na choo kigumu na kujikakamua chooni. Baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2015: kati ya wanawake waliofika na mishipa iliyotuna kwa sababu ya damu kurudi nyuma kwenye nyonga, hadi theluthi moja walikuwa na bawasiri zilizoungana na mishipa hiyo. Ni uhusiano, si hukumu. Hata hivyo alinipima na utumbo, maana damu chooni haifai kuitwa bawasiri kabla ya kuangaliwa. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu. Ultrasaundi za mwanzo, nikiwa nimelala chali, hazikuwa zimeonyesha kitu. Alinirudisha kwenye kipimo akaagiza niangaliwe pia nikiwa nimesimama. Mishipa ikaonekana, imetanuka.

Jioni ile nilimpigia mama.

"Mama, lile chango lako, na kule kukalia upande... vilikuwa vinakuja pamoja?"

Kimya. Nikadhani salio limeisha.

"Nani kakwambia?"

Kumbe ni tangu mimba ya nne, na sisi tuko saba. Hakuwahi kumwambia mtu, hata baba. Alisema mambo ya huku na ya huko hayasemwi kwa pumzi moja. Nikamwambia hata mimi nilikuwa siyasemi, nimeyasema leo, na sijafa. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayefungua mlango kuchungulia.

Wiki ijayo anakuja kupimwa. Amekubali niingie naye chumbani kwa daktari, kwa sharti moja: nikae kimya, ataeleza mwenyewe.