Shy Town: Ndumba nazo zina refa!

Ukishuka stendi ya Shinyanga mwambie tu bodaboda "Kambarage", hatakuuliza mara mbili. Uwanja wa CCM Kambarage ndipo Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi, ilipokuwa ikiwasubiri vigogo baada ya kupanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Kijiweni, mpira ukiisha, ndumba zinaanza.

Na kwa ndumba, ligi yetu ina hukumu tamu kweli. Bodi ya Ligi haiulizi mganga wako nani wala dawa ilishika au la. Inakutoza faini kwa kukwepa mlango rasmi, au kwa kukigomea chumba cha kubadilishia nguo. Yaani kosa ni mlango! Mimi naona wamecheza kiakili.

Lakini Wasukuma walishaweka refa kitambo. Masimulizi yanasema karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishania dawa ya nani kali. Badala ya kumalizana wakashindana kwa ngoma, na wafuasi wao ndio Wagika na Wagalu tunaowasikia mpaka leo.

Sheria zake usipime. Baada ya mavuno, kambi mbili zinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja. Mtazamaji anahama atakavyo. Mwisho, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Hakuna rufaa, bwana!

Dawa ya mvuto, samba, ruksa, na kila kambi inajua mwenzake anayo. Ila samba bila ubunifu ni kazi bure. Manju atunge, ampige mpinzani vijembe. Bugobogobo warushe majembe. Bayeye watoke na chatu, na hata fisi mzima amewahi kuletwa uwanjani. Ni uganga au ni mazoezi? Umati hauna habari na hilo, unafuata raha.

Wamarekani nao wana mchezo wa mezani, Dungeons & Dragons, ulioanza 1974. Unataja uchawi unaotaka kuufanya, msimamizi mmoja anaamua umefanya kazi au umebuma. Usukumani wasimamizi ni uwanja mzima. Kamtazame mwenyewe mwezi Juni kwenye sikukuu ya Bulabo, Bujora, nje kidogo ya Mwanza, alikofanya kazi Padri David Clement wa Kanada, aliyezipenda ngoma hizi badala ya kuzilaani.

Nasema hivi kwa sababu hukuhuku Shinyanga na Geita, nje ya ngoma, uchawi ulihukumiwa na mtu mmoja gizani. Bibi macho yamemwiva kwa moshi wa kuni, mpiga ramli anasema neno, mapanga yanafuata. Kuanzia 2007 wenye ualbino wakawindwa, eti viungo vyao huleta utajiri, hata dhahabu machimboni. Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Pale hapakuwa na mtu wa kuhesabu vichwa, wala marehemu hakupewa nafasi ya kucheza.

Jirani na uwanja nilimkuta babu mmoja, Mgika wa zamani.

"Mwangaluka, babu. Mwaka mlioshindwa, mlisema mmerogwa na nani?"

Akacheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, tuliona watu wanaondoka kwa macho yetu. Tukabadilisha manju."