Beseni la Mama

Baba alizikwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, Julai 1989. Nilikuwa na miaka 11. Jeneza silikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni kwaya. Walikuja na ngoma na kayamba, wakaimba furaha ya mbinguni kwa sauti nne, huku mama ameketi kwenye majani hawezi hata kuinua kichwa. Niliwachukia. Niliwatazama vinywa vyao vikifunguka na kufungwa, nikajiapiza kwamba mimi kwaya sitaingia maisha yangu yote.

Siku ile alihubiri mgeni. Akasema ugonjwa huu wa UKIMWI ni fimbo ya Mungu kwa waasherati, na waliopo wajifunze. Wajomba waliinamisha nyuso. Mama hakusema neno, ila tangu siku ile akaacha kwenda kanisani.

Ambaye hakuishi Kagera miaka hiyo atapata taabu kuelewa jinsi tulivyokuwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana mkoani kwetu mwaka 1983. Kabla watu hawajalijua jina hilo waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa na wafanyabiashara waliovuka mpaka wa Uganda. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha juzijuzi tu, mwaka 1979, watu wakidhani msiba umekwisha. Kumbe. Kwetu Kamachumu ikafika mahali wiki moja ina matanga matatu, na fundi seremala akaacha kutengeneza vitanda na meza, akawa anaranda mbao za majeneza tu. Mgonjwa aliwekewa kikombe chake na sahani yake. Ndugu walisimama mlangoni wakamsalimia kwa mbali, wakaondoka.

Mama alikaa ndani miezi miwili. Kahawa ziliiva zikadondoka chini bila wa kuzichuma. Watu walikuja kumpa pole, akawaitikia, wakaenda zao.

Kisha akaja bibi mmoja wa mtaa wa pili, mlokole wa siku nyingi. Huyu alikuwa wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi kufika Buhaya, uliowafundisha watu kutubu mbele ya wenzao na kusalimiana kwa wimbo wa Tukutendereza Yesu. Nilitegemea aanze kuimba, au amsomee mama habari za Ayubu. Hakufanya hivyo. Alikaa, akanywa maji, akasema: "Waitu, kuna kijana ng'ambo ya mto, mkewe amemkimbia. Ana vidonda mgongoni na hana wa kumwogesha. Mimi mikono yangu imechoka. Nimekuja unisaidie."

Mama akamtazama. "Mimi? Mimi ndiye nimefiwa."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe umeshamwogesha mmoja, unajua."

Mpaka leo sijasikia maneno ya faraja yaliyozidi hayo. Wengine wote walimjia mama kama mtu wa kuhurumiwa. Bibi yule alimjia kama mtu anayehitajika.

Nilifuatana nao kubeba maji. Chumba kilikuwa na giza na harufu nzito. Mama alichemsha maji na chumvi kwenye sufuria, akayamimina katika beseni la bati lenye maua mekundu, akapima joto kwa kiwiko kama anavyopimiwa mtoto mchanga. Glovu hazikuwepo, alivaa mifuko ya nailoni mikononi akaifunga kwa kamba za mgomba. Alichana kanga yake kuukuu vipande vipande, akaanza na uso, akateremka shingoni, akafika mgongoni. Pale kwenye vidonda hakusugua, alikandamiza kitambaa taratibu na kusubiri, akakandamiza tena. Kijana alilia. Mama akamwambia, "Lia, mwanangu, maji bado ni ya moto, hatuna haraka." Baadaye akampaka mafuta, akamlisha uji wa ulezi kijiko baada ya kijiko.

Tukirudi, beseni kichwani, mama akaanza kuimba polepole. Nilisimama njiani nikamuuliza kwa hasira, "Mama, unaimba nini na baba amekufa?"

Akasema: "Naimba kwa sababu leo nimejua kwa nini nimebaki."

Jumapili iliyofuata alirudi kanisani. Hakumsubiri yule mhubiri aje kuomba radhi, na sidhani aliwahi kuiomba. Kikundi cha akina mama kikaanza kujipanga kuogesha wagonjwa: Jumanne kwa huyu, Alhamisi kwa yule. Dayosisi yetu ya Kaskazini Magharibi ikaja kuanzisha Huduma ya Watoto, HUYAWA, kwa ajili ya yatima. Mahubiri nayo yakabadilika. Sikumbuki mwaka gani hasa, lakini neno adhabu liliacha kusikika makaburini. Naamini kilicholifukuza si semina. Ni vigumu kuhubiri fimbo ya Mungu mbele ya wanawake ambao asubuhi ile wamemwogesha marehemu.

Kwaya niliingia mwaka 1994, kinyume cha kiapo changu, sauti ya tatu. Huko ndiko nilikokuja kujua kwamba kiongozi aliyeimbisha kwenye mazishi ya baba alikuwa amezika wadogo zake wawili mwaka ule ule. Wale niliowachukia hawakuwa watu wa raha waliokuja kutuimbia sisi wenye shida. Walikuwa wafiwa wanaoimba kwa wafiwa. Mtume Paulo naye aliwaandikia Wafilipi habari za furaha akiwa kifungoni. Nilikuwa nimeisoma barua hiyo tangu Sunday school, ila sikuwa nimewahi kufikiria mlango wa gereza na minyororo.

Nisieleweke vibaya. Sikubali, na sitakubali, kwamba Mungu alituletea ugonjwa ili atufundishe kuimba. Furaha ninayoisema haikufuta machozi ya mtu. Mama aliendelea kumlilia baba kila msimu wa senene, maana ndiye aliyewakaanga vizuri kuliko yeyote.

Mama naye akaanza kuugua mwaka 1999. Waliomwogesha walikuwa wanawake aliowafundisha, kwa beseni lile lile, na mmoja wao alikuwa dada wa kijana wa ng'ambo ya mto. Miezi ya mwisho aliomba godoro litolewe nje, chini ya mgomba, saa za mazoezi ya kwaya, ili asikie. Akikosa nguvu ya kuimba aligonga ubavu wa kikombe kwa kijiko, na kama tumekosea mapigo alituambia. Alifariki mwaka 2002. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Miaka miwili. Hili bado linaniuma, na nimeshamwambia Mungu hivyo mara nyingi, bila kuficha.

Siku hizi wenye virusi wanachukua dawa zao kliniki, wanalima, wanaozesha watoto. Mgonjwa wa kuogeshwa kitandani kwa ugonjwa ule ni nadra kumwona. Kikundi hakikuvunjika. Sasa tunakwenda kwa wazee waliopooza na wenye saratani, na tunazo glovu. Wanaume tuko wanne. Ninapompimia mgonjwa maji kwa kiwiko, najisikia niko mahali pangu hasa duniani, na mara nyingi najikuta ninaimba kabla sijajua nimeanza.

Maua ya beseni yamebanduka karibu yote na chini limezibwa mara mbili, lakini halivuji. Jumamosi hii tunakwenda kwa mzee mmoja aliyepata kiharusi. Maji nitachemsha mimi.