Gugumaji ndani ya pipa

Programu ya mteja mmoja ilikuwa imenikaba koo. Nilipoimaliza nikaenda nyumbani Kisumu kupumzika, na kupumzika kwenyewe kukageuka mradi.

Nilikuwa nimesoma habari za Bill Wolverton wa NASA. Miaka ya 1970, huko Mississippi, alitumia gugumaji kusafisha maji taka ya kituo chao. Nikacheka peke yangu. Gugumaji hili hili! Lilifika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika maeneo makubwa ya Ghuba ya Winam hata Mzee, aliyekuwa mvuvi, akaiacha mashua yake ufukweni ikioza.

Lakini tazama linavyofanya kazi. Mizizi inaning'inia majini kama ndevu. Hapo kwenye ndevu wanakaa bakteria wanaotafuna uchafu, na mmea wenyewe unafyonza naitrojeni na fosforasi. Ukishiba, unaongezeka maradufu kwa wiki moja au mbili. (Usidanganyike na lundo. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Ukilianika unabaki na kikapu.)

Basi nikaelekeza maji ya kuoshea vyombo kwenye pipa la plastiki, nikatia mimea sita, nikafunika kwa chandarua kuukuu kwa sababu ya mbu. Baada ya wiki tatu harufu ilikuwa imepungua na pipa limejaa majani. Nikamwambia Mama tuyachemshe, tuwape nguruwe wake.

Jiko lilikuwa limeshawashwa Mzee alipouliza, "Hiyo mimea uliitoa wapi?"

"Mtaroni, nyuma ya gereji."

"Na uchafu wa huko mtaroni umekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Yaani jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nimelisoma kabisa: gugumaji hufyonza pia risasi na kadimiamu, na hayo hayaozi wala hayachemki yakaisha. Yangeingia kwa nguruwe, kisha kwenye sahani za watoto wa dada yangu. Nimezoea makosa ambayo unayafuta na kuanza upya.

Tulizima jiko. Pipa tukalimwaga kwenye shimo mbali na kisima, tukaanza tena na mimea kutoka sehemu isiyo na gereji wala kiwanda. Haendi kwa mnyama yeyote. Inakuwa mboji ya migomba. Na lazima uivune. Ukiiacha ife majini, inaoza na kurudisha kila kitu ilichofyonza, sawa na kutupa faili kwenye pipa la taka la kompyuta usilimwage.

Mzee ndiye anayevuna siku hizi, kila Jumamosi. Haligusi kwa mkono. Anatumia reki.

Picha nitaziweka nikirudi Nairobi.