Wageni Wasimame

Ndugu msomaji, ukihamia mji usio na ndugu yako, swali la kwanza ni chumba. La pili ni maji. La tatu hulisemi mbele za watu, ila usiku huja lenyewe: nikiugua hapa, nani atagonga mlango? Na nikifa, nani atawaambia wa nyumbani?

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Kazi ya ualimu ilinipeleka Bukene, wilaya ya Nzega, mji mdogo ulio kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza. Wiki tatu za kwanza nilijuana na mama mwenye nyumba, muuza duka na mbuzi wa jirani, basi. Hata salamu ilinishinda. Watu wakisema "mwangaluka" asubuhi, mimi najibu "salama", watoto wanacheka mpaka wanakaa chini.

Nimelelewa Kilutheri. Kwetu ibada ina kitabu: unajua lini utasimama na lini utaketi. Kanisa lililokuwa karibu na nilipopanga lilikuwa la Kipentekoste. Jumapili ya nne nikapiga pasi shati, nikaenda. Sikwenda kubadili dhehebu. Nilikwenda kutafuta watu.

Kwaya ilianza kwa Kiswahili, ikahamia Kinyamwezi, na hapo ngoma zikakolea kwelikweli. Maombi nayo, kila mtu aliomba kwa sauti yake, wote kwa wakati mmoja. Mimi niliyezoea kuitikia "Amina" kwa zamu, nilisimama kama mtu aliyeingia mnadani bila kujua bei. Nikasema Baba Yetu polepole. Hata mwenyewe sikujisikia.

Kisha mzee wa kanisa akatangaza: "Wageni wetu wasimame." Tulikuwa watatu. Mama mmoja akaanza: "Bwana Yesu asifiwe! Natokea Nzega, nimeokoka, nampenda Yesu." Kanisa zima: "Ameen!" Kijana aliyefuata akasema vilevile, neno kwa neno. "Ameen!"

Zamu yangu ikawadia. Kwa wenzetu hawa, "nimeokoka" ni neno lenye siku yake, siku uliyotubu na kuanza upya. Mimi nilibatizwa mchanga, nikapata kipaimara. Siku ya namna hiyo sina. Kulitamka kulikuwa rahisi, na lingenipatia "Ameen" yangu nzima. Lakini nilikuwa nimekuja ili nijulikane. Nikijitambulisha kwa neno lisilo langu, watakuwa wamemjua nani?

Nikasema: "Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu, Mzaramo wa Kisarawe. Nasali Kilutheri. Nashukuru kuwa nanyi leo."

"Ameen" iliyokuja ilikuwa nyembamba, ya watu wawili watatu. Mzee wa kanisa akabaki ananitazama, kama anasubiri nimalizie. Jasho, bwana!

Mara sauti ikatoka benchi la nyuma: "Mzaramo? Mwacheni huyo, ni mtani wangu! Babu zetu walibeba pembe mabegani mpaka Bagamoyo, hawa wakawauzia hata maji ya kisima. Leo kaja kulipa deni!"

Kanisa likaangua kicheko. Mzee wa kanisa mwenyewe akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikageuka nikamwona babu mwembamba, kofia mkononi. Nikamjibu: "Shikamoo, babu. Deni lenyewe mlishalila njiani!" Wakacheka tena. Nikaketi nikiwa mtu mwingine.

Wengi wetu tuliokulia mjini tunadhani utani ni mzaha wa Simba na Yanga. Huu wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa njia ya misafara. Burton na Speke walipofika Tabora Novemba 1857, walipita njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wameshaizoea. Mpagazi alitembea miezi kwenda pwani, nchi asiyo na ukoo. Akiugua kule, akifa kule, ilibidi awepo wa kumshughulikia. Utani ukawa mkataba usioandikwa: nitakutukana na hutakasirika, nitachukua kitu chako na hutanishtaki, na siku ya msiba nitakuwepo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Mwanza mwaka 1928. Mizigo ikatoka mabegani. Mkataba ukabaki.

Baada ya ibada ulifanyika mnada wa sadaka: mayai, michembe, jogoo mmoja mkorofi. Babu akanunua michembe, akanitupia mfuko. "Kula, mtumwa wangu. Na ukifia hapa, hawakuziki mpaka wanilipe. Nitalala kaburini humo!"

Wageni wengine wangeshtuka. Mimi nilikuwa karibu kulia, kwa sababu ni mtu wa kwanza Bukene aliyeahidi kuwepo kwenye mazishi yangu.

Niliendelea kusali pale. Wengine waliniombea niokoke, na waliniombea kwa upendo. Mmoja wawili hawakunizoea kamwe. Kila Jumapili babu alinitukana mlangoni, nami nikamtukana kwa adabu. Mwenzangu unayefunga begi leo kwenda mji usioujua, sema kwenu ni wapi, uliseme wazi. Huenda benchi la nyuma kuna anayelijua jina hilo kuliko wewe.