Sekunde 45 Karatina

Mwaka 2021, nikiwa mwalimu wa Kiswahili mjini Karatina, niliomba nafasi ya Fulbright ya kwenda Marekani kufundisha lugha yetu chuoni kwa miezi 9. Mwalimu msaidizi wa mpango huo hufundisha lugha yake, na yeye mwenyewe husoma angalau masomo 2 kila muhula. Nilicheka peke yangu nilipofahamu kwamba, ili nikafundishe Kiswahili, sharti kwanza nipimwe Kiingereza cha kuzungumza, mbele ya kompyuta, chumbani mwangu.

Swali la kwanza wakati huo lilimpa mtahiniwa sekunde 15 za kufikiri na 45 za kusema. Wasomaji wangu wa pwani mnajua: muda huo haututoshi hata kujuliana hali.

Nilijizoeza kila siku baada ya sala ya alfajiri, simu ikinirekodi, baridi ya Mlima Kenya ikinitetemesha midomo. Nilipojisikiliza, jambo moja lilinifurahisha. Sauti ya mwanzo wa think ni th ile ile ya thelathini, na ya them ni dh ya dhahabu. Ustadhi wetu wa utotoni, aliyetulazimisha kuweka ncha ya ulimi baina ya meno hadi herufi thaa itoke sawasawa, hakujua kwamba ananifundisha Kiingereza. Jambo la pili lilinitoa jasho. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nami nilikibebesha Kiingereza desturi hiyo. Photograph hukazwa silabi ya kwanza, photography hukazwa ya pili. Mimi nilizikaza pale nilipozoea. Niliandika maneno kama hayo kwenye karatasi, nikaibandika juu ya jiko.

Lakini kilichoninyima usingizi si matamshi. Masharti yalitaka masikio yaonekane, isije mtu akaficha kifaa cha kusikilizia. Nilipompigia mama simu alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Mwanangu, watu hawa wanataka kukusikia au kukutazama?” Niliandika kuomba nikaguliwe na msimamizi wa kike. Nikajibiwa kwamba ombi limepokewa. Nilikuwa nimeazimia kwamba wakikataa, nitaiacha safari. Azimio hilo sikumwambia mama.

Siku yenyewe nilimwendea jirani yangu wa chini, mwenye kisiagi cha mahindi, nikamwomba azime mashine kwa muda. “Enda ufanye, mwalimu,” akasema, “wateja watangoja.” Niliizungusha kompyuta kuonyesha kuta, mlango na uvungu wa meza. Kisha ikasikika sauti ya msimamizi: mwanamume. Moyo ulinienda mbio. Nilimweleza, kwa utulivu ambao sijui niliutoa wapi, ni nani mimi, nini nimeandika na kwa nini nitangoja. Hakubishana. Baada ya robo saa akaja mwanamke, nikamwonyesha masikio yangu, akanishukuru, nikajisitiri. Kiingereza changu kizuri kuliko chote cha siku ile hakikupewa alama hata moja.

Swali la kwanza lilinitaka nieleze mahali ninapopapenda. Nilianza na baraza ya nyumbani kwetu, kahawa na harufu ya asumini jioni, na kabla sijafika kwa mama, muda ukaisha.

Nilipomaliza maswali yote, mlango uligongwa. Alikuwa jirani, unga umemjaa mikononi.

“Mwalimu, sasa naweza kuwasha?”