Tuchague Vitambaa vya Kumfutia Mtoto

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Cheti changu nilikipata katika chuo cha kilimo cha Ukiriguru, mkoani Mwanza. Tangu hapo nimezunguka katika vijiji vinavyolima pamba, kusini ya Ziwa Viktoria. Mwezi huu sitakuandikia habari za funza wa vitumba. Nataka tuzungumze juu ya vitambaa vya kumfutia mtoto mchanga.

Najua baadhi yenu mtacheka. Mzee mmoja aliniambia, "Bwana shamba, mambo ya makalio ya mtoto waachie akina mama." Nilimjibu, "Mzee wangu, kitambaa ni pamba, na pamba ni kazi yangu. Tena dawa za shambani huletwa nyumbani na sisi wanaume." Mzee alinyamaza, akavuta kigoda, akakaa.

Nina watoto 4. Mtoto wa mwisho alipozaliwa, mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Hakuweza kuinama juu ya beseni. Basi kwa wiki 6 nilifua mimi. Kwa siku moja tulimbadilisha mtoto nepi mara 8, siku nyingine mara 10. Kila mara tulitumia vitambaa 2, pengine 3. Kwa hiyo habari hizi sikuzipata kitabuni tu. Nimezipata kwa mikono yangu.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Machi, nilipita katika kaya moja kukagua pamba. Nilimkuta bibi amekaa chini ya mwembe na mkasi mkononi. Mkwewe alikuwa ndani na mtoto wa siku 9. Bibi alikuwa akikata shati ili apate vitambaa vya kumfutia mjukuu. Shati lilikuwa la pamba tupu. Lilikuwa laini, limefuliwa, limetakata. Kwa kulitazama tu ungesema bibi amechagua vizuri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Karibu."

"Bibi, shati hili ni la nani?"

"La baba yake mtoto. Ni lile analovaa akienda kupulizia pamba. Limechanika mgongoni, naye amepata jingine."

Nilimwambia, "Bibi, nakuomba uweke mkasi chini kwanza."

Aliniangalia kwa mshangao. Akasema amelifua shati lile mara 2 kwa sabuni. Nami nilimwamini. Lakini, ndugu msomaji, jambo hili ni lazima tulielewe vizuri. Dawa nyingi za kuua wadudu wa pamba zimechanganywa na mafuta. Ndiyo maana ukizitia majini, maji hugeuka meupe kama maziwa. Mafuta yale huingia ndani ya nyuzi za nguo. Ukifua, dawa hupungua. Haiishi yote. Nayo nguo iliyovaliwa msimu mzima imelowa dawa mara nyingi.

Fikiri tena habari ya uzito. Baba ana kilo 60. Mtoto ana kilo 3. Tone moja la dawa likiingia katika mwili wa mtoto, ni kama matone 20 katika mwili wa baba. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba. Na ngozi ya kinena hupitisha dawa kwa urahisi kuliko ngozi ya kiganja. Sehemu hiyo hiyo ndiyo tunayoifuta kwa kitambaa chenye maji, tena mara 8 au 10 kwa siku.

Bibi akaniuliza swali ambalo hata wewe ungeuliza. "Sawa baba. Basi nitamfuta kwa nini? Hapa hatuna fedha za kununua nguo dukani."

Hili ndilo swali lenyewe. Nilimwomba atoe nguo zote kuukuu zilizomo ndani. Alileta kanga 2, blauzi moja ya mitumba na kipande cha shuka. Tukazipima moja moja. Kupima ni kazi ya dakika chache, nawe unaweza kufanya.

Kwanza, dondosha tone la maji juu ya nguo. Nguo ya pamba iliyofuliwa sana hunywa maji mara moja. Ikiwa tone linakaa juu kama umande juu ya jani la magimbi, nguo hiyo haitafuta kitu. Itasukuma uchafu huku na huko.

Pili, chomoa uzi mmoja pembeni. Mpeleke mtoto mbali, kisha uguse uzi huo kwa moto wa jiko. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi. Harufu yake ni ya karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini, ukiyagusa yanasagika. Uzi wa poliesta, ambao ni plastiki, hujikunja na kuyeyuka. Ukipoa huwa kidonge kigumu. Siku hizi kanga nyingi zinazouzwa minadani ni za poliesta, ingawa zina maua mazuri na maandishi mazuri. Usiyaamini maua. Uamini moto.

Kanga moja ya bibi iliyeyuka. Blauzi nayo iliyeyuka. Kanga ya pili, ile iliyopauka hata maandishi yake hayasomeki, iliwaka kama karatasi. Bibi akacheka, akasema hiyo alipewa alipoolewa mwanawe wa kwanza. Nguo kuukuu kama hiyo ni bora kuliko mpya, maana imelainika na rangi yake imekwisha kutoka. Shuka nayo ilikuwa ya pamba.

Upande mmoja wa kanga una urefu wa sentimeta 150 hivi na upana wa sentimeta 110 hivi. Ukikata vipande vya sentimeta 20 kwa 20, yaani kama shibiri moja kwa shibiri moja, unapata vipande 7 kwa urefu na 5 kwa upana. Jumla ni vipande 35. Pinda ukingo kwa sindano ili nyuzi zisichomoke. Uzi mrefu ukichomoka huweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto, au kwenye uume wa mtoto wa kiume, ukakaza mpaka damu isipite. Kazi ya kupinda vipande vyote huchukua jioni 2 au 3. Mwenye jirani fundi cherehani atamaliza upesi zaidi.

Baba wa mtoto alirudi kutoka shambani akatukuta bado tunakata. Nilimweleza. Hakusema neno. Alichukua lile shati na vipande vyake, akavipeleka kwenye kibanda anakoweka bomba. Kisha akaniuliza kama mfuko wa mbegu nao una dawa. Ndiyo, una dawa. Mbegu nyingi za pamba hutiwa dawa kabla ya kuletwa kwetu. Usimfunike mtoto kwa mfuko wa mbegu, wala wa mbolea, wala usiukate kwa kazi yoyote ya nyumbani. Na beseni au ndoo iliyowahi kuchanganyiwa dawa isifuliwe nguo za mtoto kamwe. Nguo ya kupulizia ifuliwe peke yake, mbali na kisima, na maji yake yasimwagwe mahali wanapochezea watoto au kuku.

Ikiwa mtoto amekwisha kufutwa kwa kitambaa cha namna hiyo, mwogeshe kwa maji na sabuni, mvalishe nguo safi, kisha mtazame. Akitoa mate mengi, akitapika, akipumua kwa shida, akilegea au akitetemeka, mkimbize zahanati. Chukua na karatasi ya dawa iliyobandikwa kwenye chupa. Mganga ataisoma na kujua la kufanya.

Tuendelee. Umepata vitambaa vyako. Vigawe mafungu 2. Fungu moja ni la uso na mdomo. Fungu la pili ni la makalio. Yasichanganywe kabisa. Sisi nyumbani tulikata vya uso kutoka shuka nyeupe, na vya makalio kutoka kanga. Hata usiku kwa taa ya chemli hukosei. Kama nguo zako ni za rangi moja, shona alama ya uzi mwekundu kwenye pembe.

Kila mtoto awe na kitambaa chake cha uso. Wapo kina mama wanaomfuta mtoto mchanga macho, kisha kwa kitambaa hicho hicho wanamfuta kaka yake makamasi. Ugonjwa wa trakoma, ambao wengi tunauita vikope, huenea kwa njia hiyo. Huenea kwa vidole, kwa vitambaa vya uso vinavyoshirikiwa, na kwa nzi wanaotua machoni. Mtu akiambukizwa tena na tena, mwishoni kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho mpaka anapofuka. Ni ugonjwa unaoanza utotoni na kuleta upofu uzeeni.

Kufuta kwenyewe hakuhitaji dawa wala manukato. Maji safi yanatosha. Kwa mtoto mchanga, yachemshe kisha uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Mtoto wa kike afutwe kutoka mbele kwenda nyuma, ili kinyesi kisiingie kwenye njia ya mkojo. Ukimaliza, mwache akauke kidogo kabla ya kumfunga nepi nyingine. Ngozi ikiwa nyekundu, tumia maji tu na umwache bila nepi kwa muda. Ikitoa malengelenge au usaha, mpeleke zahanati.

Sasa kufua. Hapa ndipo nilipoona watu wengi wakifanya wepesi. Husemwa kwamba kinyesi cha mtoto mchanga si uchafu. Sikubali. Kina vijidudu vya kuharisha kama kinyesi cha mtu mzima. Kwanza kung'uta kinyesi chooni. Kisha loweka vitambaa katika ndoo yenye mfuniko, na uiweke juu, mbali na watoto wadogo. Mtoto anayetambaa huweza kuzama katika ndoo ya maji machache. Fua kwa sabuni, suuza mpaka povu liishe, na maji ya kufulia uyamwage chooni. Nawa mikono kwa sabuni.

Vichemshe kwa dakika 10. Kuni zikiwa haba, chemsha mara moja kwa wiki. Lakini mtoto akiharisha, chemsha kila siku.

Vianike juani juu ya kamba. Usivianike juu ya ua wa minyaa. Najua katika vijiji vyetu ua wa minyaa ndio kamba ya kila mtu. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni maumivu yake si ya mchezo. Wala usivitandaze chini, juu ya nyasi. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo. Mayai hayo yakikutana na joto la mwili, funza wake huingia ndani ya ngozi, na mtoto huota uvimbe kama jipu.

Utaniuliza, "Bwana shamba, na vile vitambaa vyenye maji vinavyouzwa katika pakiti?" Sisemi kwamba ni sumu. Safarini, ndani ya basi, mahali pasipo maji, vinasaidia. Sisi tulinunua pakiti moja tulipokwenda kliniki ya mbali. Lakini piga hesabu. Tuseme pakiti ni shilingi 3,000, nawe unamaliza moja kwa wiki. Kwa mwaka wenye wiki 52 umetumia shilingi 156,000. Kanga kuukuu ya bibi haikugharimu kitu, ila sabuni na kuni.

Tena nyingi ya pakiti hizo zina nyuzi za plastiki ndani yake. Zikitupwa jalalani haziozi. Tarehe 1 Juni 2019 serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, nasi tukaanza kurudi kwenye vikapu. Lakini ukilima karibu na majalala yetu leo, jembe linatoa vitambaa hivyo vikiwa vyeupe kama vilivyotupwa jana. Kitambaa cha pamba kikichakaa kabisa, kikate vipande vidogo, ukitie katika shimo la mboji. Kitaoza.

Limebaki jambo la masika. Mvua ikinyesha siku 3 mfululizo, vitambaa havikauki, na juani ndiko tulikokutegemea. Kwa miezi ya mvua ongeza vitambaa 10 juu ya vile 35. Funga kamba ndani ya nyumba, upande unaopata upepo, wala si juu ya jiko la moshi. Kisha vipige pasi ya mkaa pande zote mbili, hasa kwenye pindo, maana mayai ya yule nzi hujificha hapo. Kama huna pasi, azima kwa jirani jioni, wakati mkaa wake bado una moto.